Kinga ya mfumo, kingavirusi ya kulipia au milango iliyofungwa: umwekee nini mgeni wa kompyuta asiuziwe kinga feki?

"Mwanangu, kompyuta inalia."

Ndivyo shangazi yangu alivyoanza simu ile, wiki ya tatu tangu aanze kutumia kompyuta. Nyuma ya sauti yake nilisikia king'ora, na sauti ya mashine ikirudiarudia kwamba taarifa zake za benki zinaibwa. Nikamwuliza skrini inasema nini.

"Imejaa nyekundu. Inasema nina virusi vitano, nisizime, nipige namba. Halafu kuna nyingine pale pembeni, ya njano, inasema ulinzi wangu unakwisha baada ya siku tatu, nilipie. Sasa nianze na ipi?"

Ile nyekundu ilikuwa ya matapeli. Ile ya njano ilikuwa halali kabisa: kingavirusi ya majaribio iliyokuja na kompyuta, nami nikaiacha kwa kudhani kwamba kinga ikizidi haidhuru. Kwa macho yangu hayo yalikuwa mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Kwa macho yake yalikuwa kitu kimoja: kisanduku kinachotisha na kinachotaka hela. Na kusema kweli, yeye ndiye aliyekuwa akiona sawasawa.

Tangu siku hiyo sipimi kinga ya mgeni kwa idadi ya virusi inavyokamata. Kingavirusi feki haivunji mlango. Hubisha hodi, na mwenye nyumba akaifungulia mwenyewe. Kwa hiyo kila njia hapa chini naipima kwa maswali matatu. Je, inapunguza nafasi ya mgeni kukutana na tapeli? Je, inamzuia kusakinisha kitu akiwa amepaniki? Na je, inaiacha kompyuta kimya kiasi kwamba sauti ya uongo ikija itajulikana kuwa ni ngeni? Hilo la tatu ndilo watu hulisahau.

## Feki ya jana, feki ya leo

Katikati ya miaka ya 2000 feki ilikuwa programu kamili yenye jina na nembo: WinFixer, DriveCleaner, ErrorSafe, XP Antivirus. Ilijifanya inakagua diski, ikahesabu virusi ambavyo havikuwepo, kisha ikadai malipo ili ivifute. Desemba 2008 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliwapeleka mahakamani waliokuwa nyuma ya majina hayo, ikieleza kwamba watumiaji zaidi ya milioni 1 walikuwa wamedanganywa. Mwaka 2012 mahakama ikatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 163.

Wengi walijifariji kwamba hayo huwapata wanaozurura kwenye tovuti za ovyo. Septemba 2009 tangazo la namna hiyohiyo lilitokea kwenye tovuti ya gazeti la The New York Times, baada ya matapeli kununua nafasi wakijifanya watangazaji wa kampuni inayojulikana. Wenye Mac, kompyuta za Apple, nao walijiona wako salama hadi Mei 2011, kingavirusi feki ya MacDefender ilipowafikia, na Apple ikalazimika kutoa sasisho la kuiondoa. Cha kuchekesha ni kwamba kurasa nyingi za wakati ule zilimwonyesha mwenye Mac madirisha ya Windows na diski C iliyojaa virusi, wakati Mac haina diski inayoitwa C.

Leo feki huja kwa sura tatu. Programu bado ipo, lakini siku hizi mara nyingi hujiita kisafishaji au kiongeza kasi. Sura ya pili ni ile aliyokutana nayo shangazi: ukurasa tu wa mtandao uliojaza skrini nzima, ukiwa na namba ya simu. Hapo hakuna virusi wala faili; mtego uko kwenye mazungumzo na mtu atakayepokea. Sura ya tatu ni arifa za kivinjari, vile visanduku vidogo vya pembeni vinavyobeba nembo ya kingavirusi maarufu na kusema usajili umekwisha. Hakuna njia moja inayoziba zote tatu, na hapo ndipo kulinganisha kunapoanza kuwa na maana.

| Njia | Inachokata | Inachoacha | Mzigo wako |
|---|---|---|---|
| Kinga ya mfumo (iliyomo ndani ya Windows) peke yake | Programu feki zinazojulikana | Arifa, simu, baadhi ya kurasa | Karibu hakuna |
| Kingavirusi ya kulipia | Hizohizo, na kurasa za utapeli kwenye vivinjari vyote | Simu. Tena inaongeza kelele zake | Ada ya kila mwaka, kunyamazisha matangazo yake |
| Akaunti ya kawaida | Kusakinisha kwa papara | Kurasa, arifa, simu | Kuitwa kila anapotaka programu |
| Kivinjari kilichofungwa vizuri | Matangazo, arifa, kurasa nyingi | Barua pepe, simu anayopigiwa | Saa moja ya mwanzo |
| Chromebook (kompyuta yenye mfumo wa Google) | Programu zote za Windows | Kurasa, arifa, simu | Kumzoesha mazingira mapya |

## Iliyomo ndani au ya kununua?

Ushauri wa "ukipata kompyuta, kwanza weka kingavirusi" ulikuwa sahihi ulipozaliwa. Windows Vista ya 2007 ilikuja na Windows Defender iliyoshughulikia programu za kijasusi tu. Kuhusu virusi ulijitafutia mwenyewe. Mwaka 2009 Microsoft ilitoa kingavirusi yake, Security Essentials, bila malipo, na haukupita muda matapeli wakatoa yao iliyoitwa Security Essentials 2010. Kuanzia Windows 8 ya 2012 kingavirusi kamili imo ndani ya mfumo na inajiwasha yenyewe. Maabara za AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, huipima pamoja na zile za kulipia, na kwa miaka kadhaa sasa inasimama nazo safu moja. Haiongozi kila mara, lakini pengo lililowahi kuhalalisha ununuzi limezibwa.

Ya kulipia ina lipi la ziada? Lipo. Hukagua kurasa kwenye kivinjari chochote, ilhali SmartScreen, kichujio cha Microsoft cha kurasa hatari, kwa kawaida hulinda zaidi ndani ya Edge, kivinjari chake. Hata hivyo Chrome na Firefox nazo zina orodha ya Google ya tovuti hatari, kwa hiyo tofauti hapo ni ndogo kuliko matangazo yanavyodai. Nyingine huja na udhibiti wa wazazi, na nyingine zina watu wa kukusaidia kwa simu. Nyumba yenye vifaa vingi na watoto inaweza kufaidika.

Kwa mgeni mmoja mwenye kompyuta moja, mimi natoa ya kulipia nje, na sababu ni ile rangi ya njano. Kingavirusi nyingi za kulipia hazijui kukaa kimya. Leo inakwambia kuna faili za kusafisha, kesho inakuuzia VPN, huduma ya kuficha mawasiliano yako, keshokutwa inahesabu siku zilizobaki. Mgeni anajifunza kutokana na anachokiona: baada ya mwezi mmoja ameshazoea kwamba kompyuta nzima na salama hutoa visanduku vya kutisha vinavyoomba malipo, na kwamba cha kufanya ni kubofya. Tapeli akija anakuta shamba limeshalimwa.

Kuna faida nyingine ya kutonunua, ndogo lakini nimeiona ikifanya kazi. Matapeli hutuma barua pepe za ankara bandia: usajili wako wa Norton au McAfee umejirudia wenyewe, pesa zimekatwa, piga simu kughairi. Anayelipia kweli hana budi kusimama na kujiuliza. Anayejua kwamba hajawahi kulipia kingavirusi yoyote, na hatalipia kamwe, ana jibu kabla hajamaliza kusoma.

Na zile za bure za kampuni nyingine? Hapo ndipo ningekuwa mgumu zaidi. Ukishaondoa bei, kampuni itatafuta pato pengine. Mwaka 2024 FTC iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5, kwa sababu taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walitembelea zilikuwa zikiuzwa kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot, huku watumiaji hao wakiwa wameahidiwa ulinzi dhidi ya kufuatiliwa. Programu ilikuwa ya kweli na virusi ilikamata. Ila kwa mgeni ambaye tayari ana kinga ndani ya mfumo, sioni alichokuwa akikipata kwa kubadilishana na hilo.

Visafishaji na viongeza kasi vyote sitaki hata kuviweka kwenye mizani. Machi 2024 kampuni za Restoro na Reimage zilikubali kulipa FTC dola milioni 26 baada ya kutuhumiwa kuwatisha watu kwa arifa za uongo na kuwauzia ukarabati wasiouhitaji. Mwaka 2019 hata duka kubwa la Marekani, Office Depot, na mshirika wake Support.com, walilipa jumla ya dola milioni 35: programu yao ya kupima afya ya kompyuta ilikuwa inatangaza dalili za virusi kutegemea majibu ya maswali aliyoulizwa mteja, si kutegemea kilichoonekana kwenye mashine. Kwa hiyo "niliipata kwa watu wa dukani" si hoja.

Angalizo moja tu kwa upande wa kinga ya mfumo: naongelea hapa mashine zinazopokea masasisho. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kumkabidhi mgeni mashine iliyoishia hapo, bila mpango wa kuihamisha, ni kumpa nyumba yenye mlinzi lakini ukuta una ufa.

## Ufunguo ukae kwa nani?

Hii ndiyo hatua ninayoiona bora kuliko zote kwa gharama yake, na wachache huichukua. Windows humpa anayeiwasha mara ya kwanza akaunti ya msimamizi, yenye ruhusa ya kusakinisha na kubadili karibu kila kitu. Tengeneza mbili: ya msimamizi yenye nenosiri unalolijua wewe, na ya kawaida ambayo mgeni anaitumia kila siku.

Tazama kinachotokea. Ukurasa umemwambia apakue "kinga ya dharura". Amepakua, amebofya. Kwenye akaunti ya msimamizi skrini inafifia, kisanduku kinauliza kama anakubali, anabofya ndiyo, basi. Kwenye akaunti ya kawaida skrini inafifia vilevile, lakini kisanduku kinataka nenosiri, na yeye hana. Inabidi akupigie. Ukichelewa kupokea, vizuri zaidi: hofu ya kurasa hizi huishi dakika chache tu, ndiyo maana zote huweka saa inayohesabu kurudi nyuma. Ukija kupokea baada ya dakika ishirini, mara nyingi unakuta mtu ameshaanza kucheka.

Hasara zake nazo zipo. Utaitwa kwa ajili ya printa, kwa ajili ya programu ya mikutano, kwa ajili ya mchezo wa karata. Watu wengine huchoka wakaandika nenosiri kwenye karatasi na kuibandika kwenye skrini, na hapo kazi yote imeharibika. Tena si kila programu huhitaji ruhusa ya msimamizi. Baadhi hujisakinisha ndani ya folda za mtumiaji mwenyewe bila kuuliza kitu. Ndiyo sababu naongeza kufuli ya pili: kwenye mipangilio ya programu, Windows inakuruhusu kuchagua kwamba programu zitoke kwenye duka la Microsoft pekee. Ukitaka kali zaidi kuna kompyuta zinazouzwa zikiwa kwenye modi ya S, ambazo hazikubali cha nje ya duka hilo kabisa. Modi hiyo ukishaitoa huirudishi, kwa hiyo mkataze fundi yeyote asiitoe "ili ifanye kazi vizuri".

Kuna watu huona jambo hili ni kumdhalilisha mtu mzima. Mimi mwenyewe natumia akaunti ya kawaida kwenye kompyuta yangu, na ndivyo nilivyomwambia shangazi.

## Kivinjari: saa moja inayolipa

Anza na arifa, maana hizi ndizo huwasumbua wageni kwa muda mrefu bila mtu kujua zinatoka wapi. Mtu anafungua ukurasa wa kuangalia mpira au kupakua wimbo. Katikati kuna picha ya roboti na maneno: bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Juu kushoto kivinjari kinauliza kwa maandishi madogo kama tovuti hii iruhusiwe kutuma arifa. Anabofya Ruhusu. Hakuna kinachotokea, anasahau. Kesho yake, hata akiwa anaandika barua, kona ya chini kulia inaanza kutema: virusi vimepatikana, kinga imezimwa, sasisha sasa. Watu hukagua kompyuta kwa kingavirusi tatu tofauti na zote hazioni kitu, kwa sababu hakuna cha kuona. Ni tovuti iliyopewa ruhusa ikitumia ruhusa yake.

Dawa yake ni dakika mbili. Ingia mipangilio ya kivinjari, faragha, ruhusa za tovuti, kisha arifa. Futa zote zilizoruhusiwa na chagua tovuti zisiweze kuomba tena. Mgeni hatakosa chochote. Sijawahi kumwona mtu akililia arifa za kivinjari.

Cha pili ni kizuia matangazo. Kwa kuwa feki nyingi huingia kupitia nafasi za matangazo, hata kwenye tovuti za heshima, na kupitia yale matokeo ya kulipiwa juu ya utafutaji, kuyaondoa hupunguza sana makutano. Kwenye Firefox uBlock Origin inafanya kazi kamili. Kwenye Chrome toleo hilo la zamani halifanyi kazi tena, kuna uBlock Origin Lite, ambayo ni nyepesi lakini kwa mgeni inatosha. Kisakinishe wewe. Usimwambie akakitafute, kwa sababu vizuia matangazo feki navyo vipo, na vina majina yanayofanana.

Ukilinganisha hicho na kubadili DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake, DNS ni ya uvivu zaidi kwa maana nzuri. Unaandika 9.9.9.9 ya Quad9, au 1.1.1.2 ya Cloudflare, kwenye ruta mara moja, na kila kifaa cha nyumbani, simu zikiwemo, kinakataliwa anwani zinazojulikana kuwa hatari. Ubaya wake: kurasa za king'ora huhama anwani haraka, na anwani iliyosajiliwa asubuhi huenda isiwe kwenye orodha mchana. Kizuia matangazo hukata njia ya kufikia. DNS hukata anwani ya kufikiwa. Nikilazimishwa kuchagua kimoja nachukua kizuia matangazo, lakini hakuna anayenilazimisha, naweka vyote.

Edge imeongeza kitu kingine kilichoanza kujaribiwa Januari 2025: kinatambua, ndani ya kompyuta yenyewe, ukurasa unaojaza skrini na kupiga kelele kwa mtindo wa matapeli, kisha kinautoa kwenye skrini nzima na kuukatia sauti. Hicho kinalenga hasa ile sura ya pili ambayo kingavirusi huiona kama ukurasa wa kawaida. Kwa mgeni asiye na mapenzi na kivinjari chochote, hiyo ni sababu tosha ya kumwachia Edge.

## Kuhama nyumba kabisa

Chromebook haifungui faili la usakinishaji la Windows hata ukilibofya siku nzima. Kila inapowaka hujikagua kama mfumo wake umeguswa. Mac ina kingavirusi yake ya ndani, XProtect, tangu 2009, na Gatekeeper, inayokagua programu kabla ya kufunguka, tangu 2012. Kama bado hujanunua kompyuta, na mgeni wako anataka mtandao, barua pepe na video tu, Chromebook inakuondolea nusu ya makala hii. Nusu nyingine inabaki: ukurasa wa king'ora unafunguka huko vilevile, arifa zinakuja vilevile, na namba ya simu inapigika. Kwa hiyo usiiuze kwa maneno ya "hii haishiki virusi". Mgeni akiamini hivyo, siku akiambiwa ameshika ataamini kwamba ni jambo kubwa mno.

## Cha kumfundisha

Kumkaririsha majina ya programu feki ni kazi bure. Majina hubadilika kabla hajayameza. Namfundisha kutofautisha kwa nyakati za vitenzi. Kinga ya kweli kwa kawaida huzungumza kwa *-me-*: nimezuia, nimelitenga, nimelifuta. Imeshafanya kazi, inatoa taarifa. Feki huzungumza kwa *-na-* na *-ta-*: data inaibwa, kompyuta itafungwa, utapoteza picha zako. Haijafanya kitu, inakutaka wewe ufanye. Si kanuni isiyo na kasoro, lakini imemkaa shangazi kichwani kuliko orodha yoyote niliyowahi kumwandikia.

La pili ni namba ya simu. Ujumbe wa hitilafu wa Microsoft hauna namba ya kupiga. Ukiona namba, umeshapata jibu. Hapa hakuna programu itakayomsaidia, kwa sababu anayepokea simu humwelekeza asakinishe AnyDesk au TeamViewer, ambazo ni zana halali za kuendesha kompyuta kwa mbali na kingavirusi haina sababu ya kuzipigia kelele. Akishaingia humfungulia orodha ya matukio ya Windows, ambayo hata kwenye kompyuta mpya kabisa haikosi alama nyekundu, na kumwambia: unaona?

La tatu, na hili nalipenda, ni kumwonyesha kengele halisi ikilia. Kuna faili la majaribio la EICAR, herufi 68 tu zisizo na madhara yoyote, ambalo watengenezaji wa kingavirusi walikubaliana kulichukulia kana kwamba ni kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya EICAR mkiwa mmeketi pamoja. Kitatokea kisanduku kidogo kwenye kona, kisicho na king'ora, kisichoomba kadi: tishio limepatikana. Mwambie, hii ndiyo sauti ya mlinzi wako, na ni huyu mmoja tu uliye naye. Watu hushangaa ilivyo ya upole.

Mwisho mfanyishe mazoezi ya kutoka. Fungua video yoyote ijaze skrini, kisha abonyeze kitufe cha Esc na kukishikilia hadi skrini irudi, ndipo afunge dirisha kwa Alt na F4. Ikikataa, ashikilie kitufe cha kuzimia hadi mashine izimike, na ikiwaka akatae kurudishiwa kurasa za awali. Afanye kwa vidole vyake, mara tatu. Siku ya king'ora kichwa hakitafanya kazi, vidole vitafanya.

## Basi uchague vipi

Mgeni anayeishi mbali nawe na hana wa kumsaidia karibu: Chromebook, au Windows iliyo kwenye modi ya S, pamoja na saa ile moja ya kivinjari. Kijana anayejifunza na atakayetaka kusakinisha vitu: kinga ya mfumo, akaunti ya kawaida, lakini mpe nenosiri la msimamizi baada ya miezi michache, ili kile kisanduku kimfanye asimame kidogo badala ya kumfunga. Familia yenye vifaa vingi na mtu mzima wa kusimamia: ya kulipia inaweza kufaa, ila ingia kwenye mipangilio yake uzime matangazo yote kabla hujamkabidhi mtu. Kampuni ndogo yenye wafanyakazi wapya inahitaji akaunti za kawaida kabla ya kitu kingine chochote, hata kama bosi analalamika.

Kama mtu ameshaangukia mtego, uzito hutofautiana. Aliyeuona ukurasa tu na kuufunga hana la kufanya. Aliyesakinisha, ondoa programu na uikague mashine kwa kinga ya mfumo nje ya Windows, ile inayowasha upya na kukagua kabla mfumo haujaamka. Aliyemruhusu mtu kuingia kwa mbali, kata intaneti kwanza, kisha abadilishe manenosiri kwa kutumia kifaa kingine. Aliyetoa namba ya kadi aipigie benki kwanza, kompyuta baadaye.

Kwa shangazi niliondoa ile ya njano jioni ileile. Nikamtengenezea akaunti ya kawaida, nikafuta arifa za tovuti kumi na moja ambazo hakujua ameziruhusu, nikaweka kizuia matangazo, tukalipakua faili la EICAR tukilitazama pamoja. Miezi kadhaa baadaye akanipigia tena. Amepata barua pepe, akasema, imeandikwa vizuri kabisa, ina nembo, inamshukuru kwa kuongeza mkataba wa kingavirusi wa mwaka mzima.

"Sasa mwanangu," akaniuliza, "mimi nimelipia lini?"